Koo Jipya: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kufungua Sanduku



Somo la safari hii lilitokana na swali tuliloulizwa, tukashindwa kulijibu palepale. Kikundi kimoja cha kina mama wanaonunua na kukausha omena, upande wa Homa Bay, kilitualika tukae nao siku ya mkutano. Tulidhani ni habari ya mikopo. Kumbe la. Mweka hazina alifungua daftari, akasoma pesa zilizomo sandukuni, kisha mama mwenyekiti akasema, "Basi mmesikia wenyewe. Pesa hizi tunataka kuzitoa zote, na harambee tutaitisha. Kuna mtoto wetu anahitaji koo jipya."

Mtoto mwenyewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa ameketi nje chini ya mti, kitambaa shingoni. Mwaka uliotangulia alianguka na pikipiki, akalala hospitalini wiki nyingi akipumua kwa mashine, mrija umepitishwa mdomoni hadi ndani ya bomba la pumzi. Kichwa kikapona, mguu ukapona, akarudi nyumbani kwa shangwe. Baada ya mwezi mmoja hivi, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Akipanda kilima kidogo tu anasimama kushika magoti. Watu wakasema ni pumu, akanunuliwa dawa ya pumu. Usiku mmoja pumzi ilikata kabisa. Alikimbizwa, na madaktari wakamtoboa shingo mbele, wakamwekea kijibomba cha kupumulia. Tangu siku hiyo anaishi kwa kijibomba hicho, na sauti hana.

Sasa binamu yake aliye ng'ambo alikuwa amepiga simu. Ati huko Ulaya kuna madaktari wanaotengeneza koo la plastiki, wanalipaka chembe za mwili wa mgonjwa mwenyewe, wanalipandikiza, na mtu anapumua kama zamani. Kinachotakiwa ni pesa tu.

Tuliuliza kama kijana ameulizwa maoni yake. Kimya. Mama mmoja akacheka kidogo, akasema, "Huyo hawezi kusema, mwalimu." Akaitwa, akaketi katikati yetu. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya kitabu cha risiti: "Waliowekewa hilo koo wako wapi leo?"

Kwa maoni yetu hilo ndilo swali lililo bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Tuliwaomba kina mama wafunge sanduku kwanza, watupe muda tuulize wanaojua. Tuliyoyapata ni haya.

BOMBA LENYEWE

Weka vidole shingoni mbele, chini ya kile kifundo kinachopanda na kushuka ukimeza. Utagusa kitu kigumu chenye mapingili. Aliyewahi kuchinja mbuzi analijua. Kwa mtu mzima urefu wake ni sentimita 10 hadi 12, karibu urefu wa kiganja bila vidole, na upana wa ndani haufikii sana sentimita 2. Mapingili yake ni 16 hadi 20, kila moja lina umbo la herufi C, limefunguka upande wa nyuma ambako njia ya chakula inapita. Mapingili hayo hulizuia bomba lisijikunje unapovuta pumzi. Ndani kuna ngozi laini yenye majimaji na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hufagia vumbi na makohozi kwenda juu, usiku na mchana, bila wewe kujua.

Mtu anaweza kudhani kwamba bomba ni bomba, kama la maji: likiharibika ng'oa, weka lingine. Hapo ndipo wengi wamepotea, hata wasomi. Figo lina mshipa mkubwa wa kuleta damu na mwingine wa kuirudisha. Daktari akihamisha figo huunganisha mishipa hiyo, na damu inaingia. Bomba la pumzi halina mshipa mkubwa wa namna hiyo. Linalishwa na vimishipa vingi vyembamba kutoka pande zote mbili, kama mche wenye vijizizi vingi. Ukiung'oa mche huo na kuuchomeka penginepo, unanyauka. Tena bomba hili halifungwi hata siku moja. Kila pumzi inapitisha vumbi na vijidudu juu ya kidonda kilichoshonwa. Moyo umehamishwa kutoka mtu hadi mtu tangu mwaka 1967, lakini bomba la pumzi, ambalo tunaliona ni kitu cha kawaida tu, limewashinda madaktari miaka mingi zaidi.

LINAVYOZIBA

Linaweza kuzibwa na uvimbe, na saratani, na kifua kikuu kinachoacha kovu, na jeraha la shingo. Kwa kijana wetu sababu ilikuwa ule mrija wa mashine. Mrija huo uliokoa maisha yake, jambo hilo tusilisahau. Lakini ukikaa siku nyingi unaweza kubana ngozi ya ndani mpaka inakosa damu, inafanya kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu. Kovu hujikaza. Siku baada ya siku tundu linakuwa dogo, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Kwa hiyo mtu aliyewahi kulazwa kwa mashine ya kupumulia, kisha wiki au miezi baadaye akaanza kupumua kwa mluzi, asipewe dawa ya pumu na kurudishwa nyumbani tu. Aseme waziwazi kwa daktari: "Nilikuwa kwa mashine, nikawekewa mrija kooni." Neno hilo moja linaweza kumwelekeza daktari kutazama mahali panapofaa.

Watoto nao wana yao. Njugu karanga, punje za mahindi na maharagwe ndivyo vitu vya kuogopa, hasa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu au minne, maana hana magego ya kusaga na anakimbia huku anatafuna. Punje ya mahindi au haragwe ikiingia kwenye bomba hunywa majimaji, ikavimba. Mtoto aliyepaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia, asidhaniwe amepona. Huenda punje imeshuka chini, na wiki mbili baadaye mtatibu "nimonia" isiyosikia dawa. Apelekwe hospitali, na mama aeleze siku ile ya kupaliwa.

Akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kusema, mwinamishe mbele, mpige mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja mara tano. Haikutoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, kunja ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, vuta ndani na juu mara tano, kisha rudia. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja tumbo lake lisibanwe kamwe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani.

YALE MADAKTARI WANAYOWEZA

Kovu likiwa fupi na laini, daktari huingiza chombo chenye taa kupitia mdomoni akalipanua. Mara nyingine linarudi, anapanua tena. Kuna pia vijibomba vya kuzuia njia isifunge. Kovu likiwa gumu, tiba inayojulikana vizuri ni kukata kile kipande kilichoharibika na kuunganisha ncha mbili zilizo nzima. Fundi wa baiskeli akikuta tyubu imeoza sehemu moja, anafanya hivyohivyo.

Kwa mtu mzima madaktari wenye uzoefu wanaweza kuondoa hata karibu nusu ya bomba na bado wakaziunganisha ncha, kwa sababu bomba linavutika na shingo inainama. Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa siku kadhaa ameinamisha kichwa. Wengine hushonwa uzi kutoka kidevuni hadi kifuani ili asisahau akatazama juu na kuvuta mshono. Si upasuaji mdogo. Unataka madaktari wa koo au wa kifua waliouzoea, na wa usingizi pia, maana wanagawana njia moja: huyu anakata pale ambapo yule anapitishia hewa.

Shida halisi ni pale ambapo zaidi ya nusu imeharibika. Ncha hazikutani. Hapo ndipo ndoto ya koo la kutengenezwa ilipozaliwa, na hapo ndipo tunarudi kwa swali la kijana wetu.

MWANA WA ERITREA

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa bomba la pumzi la plastiki lililopakwa seli zake mwenyewe alikuwa mwana wa Afrika Mashariki. Jina lake Andemariam Beyene, kutoka Eritrea. Alikuwa anasomea mambo ya miamba huko Iceland, nchi ambayo Wakenya wetu wa Olkaria pia wameenda kusomea umeme wa mvuke wa ardhini. Alikuwa na mke na watoto. Uvimbe wa saratani ukaota ndani ya bomba lake la pumzi. Alipasuliwa, akachomwa kwa miale, ukarudi.

Mwaka 2011 daktari wake alimpeleka Sweden, kwenye hospitali ya chuo ya Karolinska jijini Stockholm. Msomaji, jina hilo lishike. Taasisi ya Karolinska ndiyo inayochagua washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kila mwaka. Mgonjwa gani angeitilia shaka? Hapo kulikuwa na daktari mpasuaji kutoka Italia, Paolo Macchiarini, ambaye tayari alikuwa na sifa kubwa. Mwaka 2008 huko Barcelona yeye na wenzake walikuwa wamempandikizia mama mmoja kipande cha bomba kutoka kwa marehemu, kilichooshwa chembe za mwenyewe na kupakwa chembe za huyo mama. Magazeti ya dunia yalishangilia.

Safari hii hawakungoja marehemu. Bomba la plastiki lilitengenezwa London kwa vipimo vya shingo ya Andemariam. Wakachota uboho kutoka mfupani mwake, wakalizungusha lile bomba ndani ya chombo chenye seli za uboho huo kwa muda wa siku mbili hivi, wakitumaini kwamba seli zitashika na kuotesha ngozi mpya. Tarehe 9 Juni 2011 akapasuliwa, upasuaji wa saa nyingi. Alikuwa na miaka 36.

Mnamo Novemba mwaka huohuo jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa kwamba baada ya miezi mitano mgonjwa anaendelea vizuri. Dunia ikasoma hiyo. Walioisoma na kufurahi walikuwa wengi, na hatuwalaumu.

Lakini seli hazikuota. Hebu fikirini: chukua bomba la plastiki, lipake mbegu, lisimike shambani, limwagilie. Bomba litageuka mti? Halina mizizi, halina damu. Sehemu za kuungia zilianza kuharibika. Andemariam aliingia na kutoka hospitali mara kwa mara kwa matatizo ya lile bomba. Januari 2014 akafariki, miaka miwili na nusu baada ya upasuaji.

Wengine wawili waliwekewa mabomba ya plastiki hapohapo Sweden: Mmarekani, Novemba 2011, naye alifariki Machi 2012, na mwanamke kijana kutoka Uturuki, mwaka 2012, aliyeteseka kwa upasuaji mwingi sana hadi alipofariki mwaka 2017. Wengine walifanyiwa Urusi, na mtoto mdogo mmoja Marekani mwaka 2013, ambaye hakumaliza miezi mitatu.

Kijana wetu aliuliza wako wapi. Wale watatu wa Sweden wako kaburini.

WALIOSEMA, NA WALIOTISHWA

Waliofumbua jambo hili hawakuwa polisi wala waandishi kwanza. Madaktari wanne waliokuwa wakifanya kazi palepale, waliowahudumia wagonjwa hao, walilinganisha mafaili na yale yaliyochapishwa. Havikufanana. Wakapeleka malalamiko kwa wakubwa mwaka 2014. Kabla yao, daktari Pierre Delaere wa Leuven, Ubelgiji, alikuwa amekwisha kusema kwamba jambo lenyewe haliwezekani kwa sababu ya ile shida ya damu tuliyoieleza juu. Wale wanne walipata nini? Walishtakiwa kwa polisi ati wamesoma mafaili ya wagonjwa bila ruhusa! Taasisi iliita mchunguzi kutoka nje, naye mwaka 2015 akaona makosa, lakini uongozi ukamsafisha Macchiarini. Mpaka televisheni ya Sweden ilipoonyesha filamu ya habari hizi mwanzoni mwa 2016, ndipo mkuu wa taasisi akajiuzulu na Macchiarini akafukuzwa, Machi mwaka huo.

The Lancet lilifuta taarifa ile ya 2011 mnamo 2018, na mwaka 2023 likafuta hata ile ya Barcelona ya 2008. Tarehe 21 Juni 2023 Mahakama ya Rufaa jijini Stockholm ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kosa kubwa la kuwadhuru wagonjwa watatu. Mahakama ya juu ilikataa kuisikiliza rufaa yake mwaka huohuo.

Katika hukumu hiyo yako mambo mawili tungependa kila kikundi kiyasome polepole. La kwanza, majaji waliona kwamba wagonjwa hao wangeweza kuishi kwa muda usio mdogo bila upasuaji ule. Kila mara walikuwa wameambiwa na kuandikiwa kwamba ni dharura, hakuna njia nyingine. La pili, tiba ile haikuwa imethibitishwa. Lile bomba la plastiki halikuwa limejaribiwa kwanza kwa wanyama ipasavyo, na ruhusa ya kamati ya maadili ya utafiti haikuombwa, kwa hoja kwamba "hii ni tiba, si utafiti." Wagonjwa wakawa shamba la majaribio bila wao kujua kwamba ni majaribio.

SISI WA ZIWANI TUNAJUA UTAFITI

Huenda mtu akasema: basi utafiti wote ni mbaya, madaktari wanatufanyia panya. Tunakataa. Pwani yetu hii ina ushahidi wa namna nyingine.

Wazazi wa Siaya na Kombewa wanaikumbuka chanjo ya malaria ilipokuwa inajaribiwa kuanzia mwaka 2009. Kabla ya kufika kwetu ilikuwa imejaribiwa kwa watu wazima ng'ambo na katika Afrika, kisha kwa watoto wachache, halafu wengi zaidi. Awamu ile kubwa ilihusu zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba, na Siaya na Kombewa zilikuwa kati ya vituo vyake 11. Mzazi alielezwa, akauliza, na asiyejua kusoma akaweka dole gumba mbele ya shahidi. Angeweza kukataa, na mtoto wake angeendelea kutibiwa. Matokeo yalihesabiwa kwa miaka, si kwa miezi mitano. Mwezi wa Septemba 2019 chanjo ilianza kutolewa Homa Bay kwa majaribio ya matumizi, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Haizuii malaria yote, na hilo pia wazazi waliambiwa.

Linganisheni hiyo na ile ya Stockholm. Ya kwetu ilichosha watu kwa fomu na mikutano. Tunakumbuka manung'uniko, sisi wenyewe tulinung'unika. Leo tunaona mikutano ile ilikuwa ya nini.

Na bomba la pumzi nalo halijaachwa. Yule Delaere wa Ubelgiji alichukua bomba la marehemu akaliweka kwanza ndani ya mkono wa mgonjwa, chini ya ngozi, likakaa miezi mpaka mishipa ya damu ikaota na kulishika, ndipo akalihamishia shingoni. Yaani alifanya kitalu! Taarifa yake ilitoka mwaka 2010, na hakuficha kwamba njia yake ina mipaka. Huko Paris wametumia vipande vya mshipa mkubwa wa damu vilivyohifadhiwa. Na Januari 2021, New York, madaktari walimpandikizia mwanamke mmoja bomba la marehemu pamoja na vimishipa vyake vya damu, kazi ya saa 18. Hizi ni hatua za wachache, kwa wagonjwa wachache. Hakuna duka la makoo mahali popote.

MASWALI YA KIJANA NA YETU

Tuliporudi kikundini tulikuwa na maswali kuliko majibu, na kina mama walituongezea. La kijana lilibaki la kwanza: wangapi wamefanyiwa, na wako wapi baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano? Akijibiwa "wa kwanza utakuwa wewe," si lazima akatae, lakini ajue anaingia wapi.

Mama mmoja mzee akauliza la pili, nasi tungelisahau: "Akikaa hivi alivyo, atakufa lini?" Alikuwa na haki. Mtu mwenye kijibomba shingoni anaweza kuishi miaka mingi. Kwa hiyo haraka ya nini? Daktari aulizwe waziwazi: nisipofanya chochote mwaka huu, itakuwaje?

Je, hii ni tiba iliyozoeleka, au ni utafiti? Kama ni utafiti, kamati ya maadili iko wapi, na karatasi yake iko wapi? Hapa Kenya utafiti una sheria yake na kamati zake. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kama ni Dholuo, iwe Dholuo. Fomu ya Kiingereza inayosukumwa mezani dakika kumi kabla ya upasuaji si maelezo. Muuguzi akisema "weka sahihi hapa tu," mwambie kwa heshima, "Dada, nisomee kwanza." Ni haki yako.

Nani mwingine nimuulize? Daktari mzuri hachukii mgonjwa akitafuta maoni ya daktari wa pili. Anayechukia, jiulize kwa nini.

Na pesa? Tulipofika hapo palikuwa na ubishi. Baadhi walisema harambee ikishaitishwa haiwezi kurudishwa, ni aibu. Sisi tuliona aibu kubwa zaidi ni kuuza ng'ombe wa watu kwa ajili ya simu ya binamu. Binamu hakuwa mwongo, alisoma gazeti la zamani. Wengi wetu tungefanya kama yeye.

KIJIBOMBA CHA SHINGONI

Wakati tunauliza, kijana alihitaji kuishi, na hapo kikundi kilikuwa na kazi halisi kuliko harambee. Kijibomba kina mrija wa ndani unaotoka. Utolewe na kuoshwa mara kadhaa kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usirudishwe na makohozi yaliyokauka. Mkanda wa shingo ukilowa ubadilishwe, lakini asibaki bila mkanda hata dakika, mtu mwingine akishike kijibomba. Nyumbani kuwe na kijibomba cha akiba. Kikiziba na mtu anahangaika, kitu cha kwanza ni kutoa ule mrija wa ndani. Mara nyingi hilo peke yake linafungua njia. Asizibe tundu kwa kidole ili aongee, ila daktari awe amemruhusu, maana mwenye kovu juu ya tundu hewa yake haina pa kutokea.

Kwa watu wa ziwani kuna jambo ambalo vijikaratasi vya hospitali mara nyingi havisemi. Mwenye tundu shingoni asiingie ziwani kuoga, asisafiri kwa mtumbwi. Maji yakifika shingoni yanaingia mapafuni moja kwa moja, na kuogelea hakutamsaidia kitu. Kijana huyu alikuwa mvuvi. Sasa anashona nyavu ufuoni. Pia asikae karibu na matanuri ya kukaushia mbuta kwa moshi, wala palipo na vumbi la omena, maana pua ndiyo iliyokuwa inachuja hewa yake, na sasa hewa haipitii puani. Kitambaa chembamba cha pamba kilicholowanishwa kidogo, kikining'inia mbele ya tundu, kinamsaidia.

Kina mama walitoa kiasi kidogo sandukuni, wakalipa nauli yake na ya dada yake hadi Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Akaonwa na daktari wa masikio, pua na koo, akapigwa picha. Kumbe kovu lenyewe ni fupi, sentimita mbili na kidogo. Halihitaji koo jipya la mtu yeyote. Ni la kukatwa na kuunganishwa, naye ameandikiwa rufaa ya Nairobi. Alipotueleza hayo alitumia kalamu tena, na chini yake akachora bomba, akaonyesha kwa mstari pale watakapokata. Anangoja tarehe. Pesa nyingine ziko sandukuni kwa ajili ya siku hiyo.

YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika kikundi chenu, nani hukaa nje wakati jambo lake linajadiliwa ndani?

Mmewahi kuchanga pesa za matibabu bila kujua tiba yenyewe ni ipi? Ilikuwaje? Msitajane majina.

Wale madaktari wanne waliposema walitishwa. Mwanakikundi akiona hesabu au jambo lisilo sawa kwetu, aseme kwa nani, na nani atasimama naye?

Mkutano ujao mmoja alete mtoto wa kuchezea, au gunzi kubwa la mahindi lililofungwa leso, na kila mama na baba afanye kwa mikono yake ile huduma ya mtoto mchanga aliyepaliwa, mpaka asiyejua asibaki.